Kayongo inauliwa na mizizi, sio pampu

Mkulima wa huku Siaya ama Vihiga ukimtajia dawa ya magugu anafikiria pampu mgongoni na chupa ya agrovet. Mimi kazi yangu ni magugu na nawaambia ukweli, mimea ilianza kutengeneza dawa za kuua majirani zake kitambo sana, na mmoja wao unatusaidia na kayongo, lile gugu la striga linalonyonya mahindi.

Angalia chini ya blugamu, nyasi ni chache, na sio kivuli tu ama vile unakunywa maji mingi, majani yake yakianguka yakaoza yanaachilia kemikali zinazozuia mbegu zingine kuota. Mtama nao unatoa mafuta ya manjano kwa vinywele vya mizizi, yanaitwa sorgoleoni, yakiingia kwa gugu changa linashindwa kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Na ule mti wa maua mekundu kama brashi ya kuosha chupa, wenye umepandwa kwa geti za shule nyingi hapa Kisumu? Mwaka wa 1977 huko California mwanasayansi aliona magugu hayamei vizuri chini yake, ikapatikana kemikali inaitwa leptospermoni, maabara ikaigeuza kidogo ndo ikatokea mesotrioni, dawa inapuliziwa mahindi mpaka leo. Gugu likiipata majani yanakuwa meupe, lakini mahindi inaivunjavunja haraka ndani yake so haidhuriki.

Lakini yenye inanifurahisha zaidi ni desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde wenye unapandwa katikati ya mahindi, juu ndio unatusaidia na kayongo.

Ng'oa mahindi yenye imeshikwa na kayongo, polepole na udongo wake, suuza mizizi kwa ndoo. Utaona pale mzizi wa kayongo umejibandika kwa mzizi wa mahindi, hapo ndo inanyonya maji na chakula, na wakati unaona yale maua ya zambarau juu, mahindi imeshaumia kitambo. Kung'oa ukichelewa haisaidii sana, mmea mmoja unaangusha mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kukaa kwa udongo hata zaidi ya miaka 10 zikingoja. Zinangoja nini? Harufu ya mizizi. Mahindi inatoa kemikali zinaitwa strigolaktoni, mbegu ya kayongo ikizinusa inajua chakula kiko karibu, inaota.

Sasa desmodiamu inaichezea hapo hapo. Mizizi yake inatoa kemikali za kuamsha mbegu ya kayongo, halafu inatoa zingine, kama isoschaftosidi, zinazozuia kamzizi kake kukua, kwa hivyo mbegu imeshaota, haiwezi kurudi nyuma, na haifiki kwa mzizi wa mahindi, inakufa hapo chini bila wewe kuona kitu. Kila msimu mbegu zinapungua kwa shamba. Hii kitu ilichunguzwa sana huko Mbita kando ya Ziwa Victoria na watu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ndo ile njia ya sukuma-vuta: desmodiamu katikati inasukuma vipekecha shina, wale viwavi wanaotoboa mahindi, na nyasi ya nepia pembeni inawavuta.

Watu huniuliza kama wanaweza chemsha majani ya blugamu wapulizie shamba. Tafadhali usifanye hivyo. Hujui nguvu yake, bakteria wa udongo wanaweza kuimaliza kabla ifanye kazi, na ikibaki inaweza zuia mahindi yako pia kuota. Asili haimaanishi salama, hata gugu karoti lenye limejaa kando ya barabara lina sumu yake, parthenini, inadhuru mimea na inawasha ngozi ya mtu vibaya. Desmodiamu inafanya kazi juu mzizi uko hai na unatoa dawa kila siku, kidogo kidogo, pale pale kayongo iko.

Mbegu yake ni ndogo, changanya na mchanga laini, mwaga kwa mfereji mwembamba katikati ya mistari ya mahindi mvua ikianza, funika kidogo tu. Mwanzo inakua polepole sana, palilia kwa mkono na uijue sura isije ikang'olewa pamoja na magugu. Ikishashika inakaa miaka, unaikatia ng'ombe na inachipuka tena.