Dume la Novemba hutafutwa Aprili

Wengi ninaokutana nao kwenye misitu ya Pennsylvania huanza kumtafuta kulungu Septemba, wiki chache kabla ya msimu wa kuwinda kwa upinde na mishale. Mimi kazi hiyo huifanya kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Aprili, theluji ikishayeyuka na majani hayajachipua bado. Kipindi hicho kifupi alama za Novemba iliyopita zinaonekana waziwazi; majani yakishafunga, hata hatua kumi mbele huoni. Tena ukimkurupusha dume sasa, ana miezi mingi ya kusahau. Mkurupushe Oktoba, uone kama atapita tena mchana!

Nasema Novemba kwa sababu kulungu wa mkia mweupe wa huku hupandana zaidi katikati ya mwezi huo, na dume mzee aliyezoea kutembea usiku huanza kuzurura mchana akifuata majike. Ndiyo maana nyayo mbichi za Aprili hazinishughulishi sana. Zinaelekea kwenye majani mabichi mashambani, na msimu ukifika chakula kitakuwa kwingine.

Naanza na miti iliyochubuliwa. Dume husugua pembe kwenye shina mpaka gome linabanduka, na kovu lake hudumu hata mwaka na zaidi. Watu wakiliona hufurahi, wakafunga ulingo wa kumvizia juu ya mti hapohapo. Ngoja kwanza, uzunguke mti. Upande uliochubuka mara nyingi ndio aliotokea. Makovu yakitazama juu, kwenye vichaka anakolala, alipita akitoka, yaani jioni. Yakitazama chini mashambani, alikuwa akirudi kulala alfajiri. Ukikuta matano au sita yamefuatana, umeshapata njia yake na saa ya kumngojea pia. Mti mwembamba hauna habari kubwa, wakubwa kwa wadogo huusugua. Shina la unene wa paja ndilo linalonisimamisha.

Halafu malalo. Kwenye milima hii ya Appalachia dume hupenda theluthi ya juu ya mteremko, upande uliokingwa na upepo. Upepo unavuka kilele ukimletea harufu ya kinachomjia mgongoni, na macho yake yanachunga bonde. Lalo lenyewe ni mbonyeo kwenye majani makavu, urefu wake kama mita moja. Nikiinama nakuta nywele za kijivu za baridi, nene, zenye uwazi ndani, ukizikunja zinavunjika. Malalo makubwa na madogo yaliyokaa pamoja ni ya majike na watoto wao. Lalo kubwa la peke yake, lenye miti iliyochubuliwa kando, napiga magoti humo nitazame anachokiona yeye. Mti nitakaouona vizuri kutoka pale siupandi, maana naye ataniona.

Na hewa usiisahau: asubuhi jua likipasha mteremko hewa hupanda, jioni hushuka. Ulingo wa jioni uliowekwa juu ya njia yake unammwagia harufu yako yote.

Kuokota pembe zilizodondoka wakati wa baridi kuna raha yake, sikatai. Lakini pembe hukuambia tu kwamba mwenyewe alinusurika msimu, na alijibanza wapi kwenye theluji.

Mialoni naitia alama kwenye ramani ya simu. Kokwa za mwaloni mweupe hazina ukakasi mwingi, na kulungu huzikimbilia. Hukomaa ndani ya mwaka mmoja, ilhali za mwekundu huchukua miwili. Kwa hiyo jalidi ikiunguza maua wakati wa kuchipua, mweupe hautakuwa na kitu msimu huo, lakini mwekundu bado utadondosha kokwa za maua ya mwaka uliotangulia. Mwaka kama huo nahamishia ulingo kwenye mwekundu mapema.

Mwanzoni mwa Mei natoka msituni, kwa kuwa wawindaji wa bata mzinga wanaingia. Ukilazimika kupita humo, usivae nyekundu, nyeupe wala buluu. Ndizo rangi za kichwa cha dume la bata mzinga, na mtu mwenye bunduki na pupa anaweza kukudhania. Kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme nao wameshaamka. Chomeka suruali ndani ya soksi, puliza permethrini, dawa ya kuua kupe, kwenye nguo na viatu, si kwenye ngozi, uiache ikauke kabla ya kuvaa. Ukifika nyumbani jikague mwili mzima, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele.