Maji ya mionzi ya Japani: masuali ya barazani na majawabu yangu

Wiki mbili hizi baraza yetu haina stori nyengine. Mtu katuma voisi kwenye grupu la familia, mwanamme anaongea kwa khofu kweli kweli, ati Wajapani wanamwaga maji ya nyuklia baharini, samaki wa dunia nzima washaharibika, tusile tena. Jirani yangu mmoja kaitupa mpaka tuna ya kopo iliyokuwa kabatini. Mie nimefanya kazi ya afya ya mazingira miaka mingi, kazi ya kuchukua sampuli za visima na matangi, basi kila mwenye suali kanijia mie, wengine asubuhi hata chai sijanywa. Nimeyaandika hapa kama nilivyojibu kwa mdomo, msinikamate kwenye lugha.

Suali: Ajali si ilikuwa zamani? Maji ya nini tena saa hizi?

Zamani ndio, 11 Machi 2011. Tetemeko kubwa la 9.0, likafuatiwa na tsunami, maji yakaingia mtambo wa umeme wa nyuklia wa Fukushima Daiichi yakazamisha jenereta za kuendeshea pampu, vinu 3 vikakosa kupozwa vikayeyuka ndani kwa ndani. Sasa kinu cha nyuklia ukikizima si kama unafunga jiko la gesi ukaenda zako kulala, ni kama makaa ya vifuu, unaona majivu juu unadhani yamekufa, tia mkono uone. Na joto hili linakaa miaka. Kwa hivyo mpaka leo wanayapitishia maji yale mabaki, yanakadiriwa tani 880, na maji yakishagusa yale mabaki yanatoka yamebeba chembe za mionzi.

Alafu kuna la pili ambalo wengi hawalijui na mie naliona ndio kubwa zaidi. Mtambo uko chini ya mlima, maji ya ardhini yanateremka kuelekea baharini yanapita pale pale, yanaingia kwenye majengo yaliyopasuka yanachanganyika na yale machafu. Nyie mnaijua Mwanakwerekwe ya hapa Unguja masika inakuwaje, hutii maji weye lakini maji yanakuja tu. Mwanzoni yalikuwa yanaongezeka kiasi cha tani 400 kila siku! Wakachimba visima upande wa juu wayavute kabla hayajafika, na wakagandisha ardhi yenyewe, wamezungusha mabomba ya baridi kama kilomita moja na nusu kwenda chini mita 30, udongo ukawa ukuta wa barafu. Hayajakauka lakini yameshuka chini ya tani 100 kwa siku. Yote yaliyotoka yakawekwa kwenye matangi, yakapindukia matangi 1,000, maji zaidi ya tani milioni 1.3.

Suali: Si wayachemshe tu?

Kaniuliza bi mkubwa mmoja na wenzake wakacheka, mie sikucheka kwa sababu ndilo suali zuri kuliko yote. Sisi tumefundishwa tangu wadogo chemsha maji chemsha maji, na ni kweli kwa kipindupindu, kile ni kidudu, moto unakiua. Chembe ya mionzi haiko hai, utaiua vipi? Ukichemsha maji yenye sesiamu, moja ya chembe hizo za mionzi, maji yanapungua kwa mvuke, sesiamu inabaki sufuriani, yani unakunywa maji kidogo yenye sumu nyingi zaidi. Klorini hali kadhalika, haifanyi chochote.

Moto si dawa ya kila kitu, na sie watu wa visiwani tunalijua hili kwa uchungu. Machi 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa wakafa watoto 8 na mtu mzima 1, na nyama ilipikwa. Sumu ile haiondoki kwa kupika. Mionzi sio sumu aina ile lakini kosa la kufikiri ni moja.

Mionzi haiuliwi. Kuna mambo mawili tu: unaihamisha kutoka hapa kwenda pale, au unaisubiri ijiishie yenyewe. Kila kitu wanachokifanya Japani, hata kiwe na mashine ya mabilioni, ni kimoja kati ya hivyo viwili.

Suali: Haya, wanaihamisha vipi?

Wanachuja. Kwanza wanapitisha maji kwenye madini yanayonasa sesiamu, zeolaiti, alafu kwenye mtambo wanaouita ALPS ambao unatoa aina 62 za chembe, strontiamu na wenziwe. Chukulia kifumbu cha nazi. Chicha inabaki, tui linapita. Sasa hebu niambie, kifumbu gani kitatenganisha tui na maji uliyokamulia? Hakuna, kwa sababu yashakuwa kitu kimoja. Ndio hali ya tritiamu. Tritiamu ni haidrojeni, ile ile iliyomo kwenye maji, ila nzito na ina mionzi, kwa hivyo haimo ndani ya maji, yenyewe ndio maji. ALPS haiiwezi.

Na ile chicha je? Hapo ndipo watu hawaulizi! Vichujio na tope lake vimekusanya mionzi iliyochujwa kwenye maji, ni vikali kuliko maji yenyewe, vinawekwa kwenye madumu maalumu na vinalindwa. Oktoba 2023 wafanyakazi waliokuwa wanasafisha mabomba ya ALPS walirukiwa na maji ya kusafishia, wawili wakapelekwa hospitali. Mie ukiniuliza pale pana hatari kwa nani nitakwambia kwa yule kijana mwenye mpira wa maji mkononi, kabla ya samaki yeyote.

Suali: Hiyo tritiamu ikiingia mwilini inafanya nini?

Mionzi yake dhaifu, hewani haiendi hata sentimita moja, na ngozi inaizuia. Ukiinywa inazunguka kama maji inatoka kama maji, kwa mkojo na jasho, nusu yake inatoka kwa kiasi cha siku 10. Sisemi haina madhara hata ukinywa kiasi gani, hapana, mionzi yoyote ikiwa nyingi ndani ya mwili inadhuru chembe hai, suala ni kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwongozo cha maji ya kunywa kuwa bekereli 10,000 kwa lita, bekereli ni kipimo cha mionzi. Yale ya Fukushima yanachanganywa na maji ya bahari mpaka yawe chini ya 1,500 ndio yanatolewa, kwa handaki linalokwenda kiasi cha kilomita moja chini ya bahari. Walianza 24 Agosti 2023, kwa mwaka wamewekewa wasizidishe bekereli trilioni 22. Namba inatisha ee? Nimeipiga hesabu kwa gramu, tritiamu yenyewe haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu moja.

Zile chembe zilizochujwa ndio mbaya zaidi. Strontiamu mwili unaiona kama kalsiamu unaipeleka kwenye mifupa inakaa huko. Sesiamu inakwenda kwenye misuli. Iodini inakwenda kwenye tezi la shingo, na hii ndiyo iliyowaumiza watoto baada ya Chernobyl mwaka 1986, walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini, wengi wakaja kupata saratani ya tezi.

Suali: Kwa nini wasiyaache matangini?

Nafasi, na khofu ya tetemeko jengine. Tangi moja lishawahi kuvuja tani 300 mwaka 2013. Kusubiri kungesaidia kidogo kwa sababu tritiamu inapungua nusu kila miaka 12 na kitu, lakini sesiamu na strontiamu ni kiasi cha miaka 30 kila mmoja, kusubiri huko si kwa umri wetu sie.

Suali: Tuwaamini lakini?

Suali la ami yangu, na ami haamini hata utabiri wa hali ya hewa.

Nilimwambia hivi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikagua na Julai 2023 likasema mpango unaendana na viwango vya usalama na athari kwa watu na mazingira ni ndogo mno. China haikukubali, siku ile ile maji yalipoanza kutoka ikapiga marufuku samaki wa Japani. Na kampuni yenye mtambo, TEPCO, mwaka 2018 ilikuja kukiri kwamba sehemu kubwa ya maji yaliyomo matangini, ambayo watu walidhani yamebaki tritiamu tu, yalikuwa bado na vitu vyengine kupita kiwango, ikabidi yachujwe upya. Kwa hivyo mtu akiwa na wasiwasi sio mjinga. Ila wasiwasi uelekee pahala pake: ulizia yamepimwa na nani, mara ngapi, na kuna asiyekuwa wao anayepima? Hilo la mwisho lipo, maabara za nchi nyengine zinapima sampuli zile zile. Yule wa voisi hajapima kitu.

Suali: Maji ya bomba ya watu wa kule yaliharibika?

Kwa muda mfupi ndio. Tarehe 22 Machi 2011 kituo kimoja cha kusafishia maji Tokyo kilikutwa na iodini ya mionzi bekereli 210 kwa lita. Kiwango chao cha dharura kwa mtu mzima kilikuwa 300, kwa mtoto mchanga 100. Kwa hivyo maji yale yale mama anakunywa, ila anaambiwa asimtengenezee mtoto maziwa ya kopo kwa maji hayo. Serikali ikagawa maji ya chupa kwa wenye watoto wachanga, siku mbili tu ikashuka katazo likaondolewa. Iodini ile inapungua nusu kila siku 8, ndio maana kusubiri kulifanya kazi.

Suali: Nasikia chumvi yenye madini joto inakinga.

Haikingi. China mwaka 2011 watu waligombania chumvi madukani kwa uvumi huu huu. Dawa yenyewe ni kidonge cha iodini, ndiyo hayo hayo madini joto, mtu mzima ni miligramu 100 za iodini, na chumvi yetu hata ikitiwa madini vizuri kupata kiasi hicho ulazimike kula kilo mbili na nusu au zaidi. Utakufa kwa chumvi kabla ya mionzi. Na kidonge chenyewe kinakinga tezi peke yake, na kinamezwa ukiambiwa na watu wa afya, si kwa kuwa umesikia voisi.

Suali: Likitokea huku je, na sisi tunakinga mvua?

Afrika mtambo wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi ni mmoja, Koeberg karibu na Cape Town, mbali mno na sie. Lakini kujua hakudhuru. Kinachochafua maji mwanzo ni vumbi linaloshuka na mvua, kwa hivyo ukitangaziwa ajali kitu cha kwanza toa lile bomba linaloshuka kutoka kwenye mfereji wa bati kuingia kwenye tangi, maji ya bati yaende chini. Funika tangi, funika kisima, ingia ndani funga madirisha. Maji uliyokwisha kuyateka kabla na yamefunikwa ni mazuri, ndio utakayokunywa, na ya chupa. Nguo ulizotoka nazo nje zivue mlangoni ziweke kwenye mfuko, hapo tu ushaondoa vumbi lililo jingi, alafu oga kwa sabuni. Maziwa ya ng'ombe aliye nje usimpe mtoto mpaka mutangaziwe.

Suali: Na maji ya kutawadhia?

Kwa upande wa afya, maji yaliyochafuka kidogo kuyapitisha kwenye ngozi si sawa na kuyanywa, na kuosha vumbi ni bora kuliko kukaa nalo, ila usiyameze ukisukutua. Hukumu ya twahara waulizeni masheikh, mie msinitie huko.

Suali: Haya mwisho, jodari ninunue nisinunue? Si wanasafiri?

Wanasafiri kweli. Jodari wa Pasifiki waliovuliwa California Agosti 2011 walikutwa na sesiamu ya Fukushima, kidogo sana, chini hata ya mionzi ya asili ambayo samaki yeyote anayo. Na kule kule ndani ya bandari ya mtambo samaki mmoja Mei 2023 alipimwa akakutwa na sesiamu bekereli 18,000 kwa kilo wakati mwisho wao wa kuuza ni 100, kwa hivyo sisemi hakuna kitu, nasema kipo pale mlangoni, na pale hapavuliwi wa kuuza. Jodari wetu wa Malindi na Kojani ni wa Bahari ya Hindi.

Khofu yangu ya jodari ni nyengine. Akishinda juani bila barafu anatengeneza histamini, ukimla uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinapiga, moyo unakwenda mbio, na huyo umkaange umchemshe umtie ukwaju, haiondoki. Muulize muuzaji kavuliwa lini na barafu iko wapi. Akianza kukupa stori ndefu, nenda meza ya pili.