Dhana zinazowatia hasara wenye nyumba moja au mbili za kupangisha

Mwenye majengo makubwa ana meneja, mhasibu na mwanasheria. Mwenye vyumba vitatu ana simu yake na daftari, na mara nyingi hata daftari hana. Ndiyo maana anayoyasikia kwa wenye nyumba wenzake huyabeba kama sheria. Hapa nimekusanya yale yasiyo kweli, nikianza na yanayouma zaidi mfukoni.

Dhana: Kodi ikipanda, faida imepanda

Kinachokula faida ya mwenye nyumba chache ni miezi ambayo nyumba inakaa tupu. Tuseme umepandisha kodi kwa asilimia 5. Mpangaji anagoma, anahama, na nyumba inakaa mwezi mmoja bila mtu. Umepoteza kodi ya mwezi mzima ili upate nyongeza ya asilimia 5 kila mwezi, kwa hiyo utahitaji miezi 20 kuziba pengo hilo. Hapo hujamlipa dalali wala hujanunua rangi. Na kama nyumba ni hiyo hiyo moja, mwezi mmoja mtupu umekula zaidi ya asilimia 8 ya mapato yako ya mwaka. Mwenye nyumba mia, moja ikiwa tupu hata hashtuki.

Sisemi kodi isipande. Vitu vinapanda bei na mafundi nao wanapandisha. Lakini nyongeza ndogo ya kila mwaka, iliyoandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, hulipwa bila kelele. Mimi nilikaa miaka minne kimya nikajiona mwema, kisha nikampelekea mpangaji nyongeza ya robo nzima kwa mkupuo. Alikuwa mtu wa kulipa kabla ya tarehe. Akahama. Nyumba ikakaa tupu zaidi ya miezi miwili, na aliyekuja baadaye alipatana nami bei hadi tukarudi karibu palepale pa mwanzo.

Dhana: Amana ni pesa yangu, nitairudisha nikipata

Amana ni deni. Ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwako, na siku ya kuidai inajulikana tangu mnaandikiana. Ukiitumia kuezekea banda, siku anahama utamlipa kwa amana ya mpangaji mpya, na mpangaji mpya akichelewa kupatikana unaanza kuzima simu. Iweke kwenye akaunti yake peke yake. Zipo nchi ambako sheria inakulazimisha; Uingereza, kwa mfano, mfumo wa kulinda amana kwenye mifuko maalumu ulianza kazi mwaka 2007.

Ugomvi mkubwa wa amana uko kwenye makato. Uchakavu wa kawaida ni wako: rangi kufifia, sakafu kuchubuka mlangoni, bawaba kulegea. Kioo kilichovunjwa, mlango uliotobolewa au sinki lililopasuka ni juu ya mpangaji. Hata uharibifu wenyewe una hesabu yake. Kama rangi ya ukutani hutarajiwa kudumu miaka 5, na mpangaji ameichafua vibaya akiwa amekaa 4, huwezi kumtoza ukuta mzima kama mpya. Kilichobaki cha kudai ni thamani ya mwaka mmoja.

Yote hayo hayathibitishiki bila kumbukumbu za siku ya makabidhiano. Siku hiyo piteni chumba kwa chumba, wote wawili. Fungua kila bomba, washa kila taa, jaribu kila kitasa, vuta maji ya choo. Andikeni kiasi kinachosomeka kwenye mita ya maji na ya umeme. Piga picha zenye tarehe, hasa ndani ya kabati na chini ya sinki ambako hakuna anayetazama. Kisha mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Kazi hiyo haifiki saa moja. Siku ya kuhama mnapita njia ileile, na maneno yanapungua sana.

Dhana: Bila mkataba wa maandishi, naweza kumtoa wakati wowote

Katika nchi nyingi, kupokea kodi na kumwacha mtu akae tayari ni mkataba, hata kama hamjaandika neno. Haki zake anazo. Ulichokosa ni ushahidi wa masharti yako: kodi inalipwa lini, nani anatengeneza nini, notisi ni siku ngapi, anaruhusiwa kupangisha mwingine ndani au la. Ndugu na rafiki ndio wanaohitaji karatasi kuliko wengine, maana ukikosana nao unapoteza kodi na undugu kwa pamoja.

Dhana: Nyumba ni yangu, asipolipa nabadilisha kitasa

Hii ndiyo inayowafikisha wenye nyumba mahakamani wakiwa upande wa kushtakiwa. Ukishapangisha, haki ya kukaa humo umeihamisha kwa muda. Kumfungia mtu nje, kumkatia maji au kumtolea vyombo barabarani ni kosa katika nchi nyingi, hata kama malimbikizo ni ya miezi sita. Wewe uliyekuwa unadai unageuka wa kudaiwa fidia.

Dawa yake ni kuanza mapema. Siku ya tatu ya kuchelewa, tuma ujumbe wa maandishi, wa upole. Wengi wana sababu, na mkipanga malipo kwa mafungu mkaandikiana, deni linakusanyika. Asipotimiza, toa notisi kwa utaratibu wa sheria ya mahali ulipo na uhifadhi nakala. Anayesubiri mwezi wa nne ndipo apandwe na hasira amechelewa.

Kuingia kukagua nako ni hivyohivyo: toa taarifa, patana saa. Bomba lililopasuka au harufu ya gesi ndivyo visivyosubiri miadi.

Dhana: Mpangaji asiyelalamika hana shida

Huenda alishalalamika mara mbili ukamjibu “nitaangalia”, akaacha. Wakati huo bomba linadondosha tone moja kila sekunde, na kwa mwaka hayo ni takriban lita 11,000. Dari iliyolowa huweza kuota ukungu ndani ya siku moja au mbili. Fundi wa kubadilisha mpira wa bomba ni nafuu. Fundi wa kubomoa ukuta uliooza ni habari nyingine. Mimi huuliza mwenyewe kila baada ya miezi mitatu: “Kuna kinachovuja, kinacholegea au kinachotoa cheche?” Ukiuliza hivyo, kwa kutaja, majibu huja.

Dhana: Anayeomba kupanga amesifiwa na mwenye nyumba wake wa sasa, inatosha

Anayetaka kuondokewa na msumbufu atamsifu kuliko yeyote. Mpigie aliyempangisha kabla ya huyo. Yeye hana cha kupoteza.

Dhana: Nyumba ina bima, mimi na mpangaji tuko salama

Bima ya jengo kwa kawaida haigusi vyombo vya mpangaji. Tena kama ulikata bima ukiwa unaishi humo mwenyewe, ukahama na kupangisha bila kuwaarifu kampuni, wanaweza kukataa kulipa.

Dhana: Amerudisha funguo, basi funguo zimerudi

Ufunguo huchongwa nakala kwa dakika chache, na hujui aliwapa nani na nani. Kila mpangaji anapohama badilisha kitasa, au silinda yake tu, yaani kile kipande kinachoingia ufunguo, kama kitasa chenyewe bado kizima, kabla mwingine hajaingiza godoro.