Katiba Isiyofikisha Miezi Sita: Berlin Mashariki, 1990

Tarehe 11 Julai 1990, Baraza la Madiwani la Berlin Mashariki, lililochaguliwa Mei 6 mwaka huo huo, lilipitisha katiba ya jiji ambayo tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa ya muda. Mwananchi ana haki ya kuuliza: ya nini kuhangaika na katiba ya jiji ambalo nchi yake yenyewe, Ujerumani Mashariki, imebakiza miezi michache kabla ya kuungana na ya Magharibi?

Jibu linaanzia nyuma kidogo. Berlin yote ilipata katiba ya muda mwaka 1946, lakini miaka miwili baadaye utawala wa jiji uligawanyika. Katiba iliyoandikwa upande wa magharibi mwaka 1950 ilijitamka kuwa ya Berlin nzima, ingawa ilitumika magharibi peke yake, huku upande wa mashariki ukiwa makao makuu ya Ujerumani Mashariki na ukiendeshwa kwa maagizo ya serikali kuu na chama. Kwa hiyo Ukuta ulipofunguka Novemba 1989, upande mmoja ulikuwa na bunge, Seneti (yaani serikali ya jiji) na katiba, na wa pili haukuwa na chombo chenye mamlaka ya kusema kwa niaba ya wakazi wake. Kuunganisha pande za namna hiyo kungekuwa ni mmoja kuumeza mwingine. Katiba ya Julai, pamoja na sheria ya nchi ya Julai 22 iliyoipa Berlin Mashariki madaraka ya jimbo, iliupa upande huo nafsi ya kisheria ya kuingia nayo katika muungano.

Watunzi wake waliazima muundo wa katiba ya magharibi, na ndani yake wakaweka haki za kijamii, zikiwemo za kazi na makazi. Ikumbukwe kwamba zilipitishwa siku kumi tu baada ya mashariki kuanza kutumia fedha ya magharibi, wakati viwanda vilikuwa vimeanza kuyumba. Kwa maoni yangu hawakuwa wakiota ndoto. Haki ya aina hii huielekeza serikali iendako, hata kama haimpi mtu ajira kwa amri ya mahakama.

Muungano wa Oktoba 3 ulizifanya wilaya 23, yaani 12 za magharibi na 11 za mashariki, kuwa Jimbo moja la Berlin, lakini kwa miezi mitatu zaidi jiji hilo moja lilibaki na katiba mbili na mameya wawili, Tino Schwierzina wa mashariki na Walter Momper wa magharibi, ambao serikali zao zilikutana kwa pamoja. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2, Bunge la jiji zima lilifungua kikao chake cha kwanza tarehe 11 Januari 1991 katika kanisa la Nikolaikirche. Katiba ya 1950 ikaenea jiji zima, na ile ya mashariki ikakoma.

Je, kazi yote ilipotea? La, kwa sababu ya kifungu kimoja cha mpito: katiba ilipaswa kupitiwa upya ndani ya muhula huo wa kwanza, matini zote mbili zikiwa msingi, na matokeo yapelekwe kwa wananchi. Ukomo wa namna hiyo si jambo dogo. Watanzania wanaikumbuka Katiba yao ya Muda ya 1965, ambayo ingawa iliitwa ya muda ilidumu hadi 1977. Uhitaji wa marekebisho ulionekana pia mahakamani, kwani Januari 1993 Mahakama ya Katiba ya Berlin iliposimamia utu wa Erich Honecker, kiongozi wa zamani wa Ujerumani Mashariki aliyekuwa mshtakiwa mgonjwa, ililazimika kutegemea kanuni ambayo matini ya 1950 haikuitaja.

Wakazi waliikubali katiba mpya kwa takriban asilimia 75 ya kura za maoni tarehe 22 Oktoba 1995. Utu umewekwa katika ibara ya 6, haki ya kazi katika ya 18, na haki ya makazi yanayofaa katika ya 28.