Neuer si kipa wa miguu tu

Vijana wanaoletwa kwangu kufundishwa ukipa siku hizi wote wanataka kuwa Manuel Neuer, kipa wa Ujerumani na Bayern Munich, na kwao Neuer maana yake ni moja: kutoka nje ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, na kupiga chenga. Krosi hawezi kudaka, lakini chenga anazo, na baba yake pembeni anapiga makofi.

Dhana hii kwamba Neuer ni kipa wa miguu, anayetoka kwa ujasiri tu, ndiyo inayonikera kuliko zote. Ushahidi wao ni mechi ya Kombe la Dunia, Ujerumani na Algeria, Porto Alegre, Brazil, 30 Juni 2014. Haya, irudieni mechi hiyo, ila mtazameni Neuer kabla hajafika kwenye mpira. Mabeki wa Ujerumani walikuwa wamepanda juu, na beki wao Mertesacker hakuwa mtu wa kukimbizana na Slimani, mshambuliaji wa Algeria. Nyuma yao uwanja mtupu, na wa kuulinda alikuwa kipa. Kwa hiyo Neuer alisimama karibu na mstari wa kumi na nane hata mpira ukiwa mbali. Pasi ikipigwa, nusu ya safari ameshaimaliza. Wewe unayeanzia kwenye mstari wa goli utachelewa, utamvaa mshambuliaji, utakula nyekundu. Nasema hadi sauti inakauka: tazama mguu wa anayepiga pasi, achana na mbio za anayeifuata.

Na mikono je? Siku nne baadaye, uwanja wa Maracanã, Ujerumani ikiongoza 1-0 dhidi ya Ufaransa na muda umekwisha, Benzema wa Ufaransa aliachia shuti kali kutoka pembeni ya lango. Neuer hakujirusha wala kukisia. Alibaki wima, miguu imetulia, akainua mkono mmoja tu na kuupangua. Machi 2008, akiwa klabu ya Schalke ya Ujerumani na hajatimiza miaka 22, aliihangaisha Porto ya Ureno dakika 120, kisha akapangua penalti za Bruno Alves na Lisandro López. Mwaka 2012, akiwa Bayern, pale Bernabéu alizizuia za Ronaldo na Kaká wa Real Madrid. Klipu hizo hakuna anayeniletea.

Eti ndiye aliyeanzisha staili hii? Kipa Grosics wa Hungary alikuwa akitoka hivyo miaka ya 1950, na Jongbloed wa Uholanzi kwenye Kombe la Dunia la 1974. Sheria ya 1992 ya kukataza kudaka mpira wa kurudishiwa kwa mguu iliwalazimisha makipa wote wajifunze kuucheza, Neuer akiwa na miaka sita.

Wanaomwita mtoto wa Bayern nao wakasome. Amezaliwa Gelsenkirchen, mji wa Schalke, na kukulia kwenye klabu hiyo. Alipohamia Bayern 2011, baadhi ya mashabiki wa huko walinyanyua mabango ya kumkataa.

Wengine humtwika lawama ya Ujerumani kutolewa Kombe la Dunia 2018 kwa kunyang'anywa mpira kwenye nusu ya Korea Kusini, Son akafunga. Lile lilikuwa goli la pili. Ujerumani ilihitaji ushindi na tayari ilikuwa nyuma. Abaki langoni alinde nini?

Na wanaosema kwamba kuvunjika mguu akiteleza kwenye theluji Desemba 2022 kulimmaliza: alirudi langoni Oktoba 2023, akacheza mechi zote za Ujerumani kwenye Euro 2024, ndipo akaiaga timu ya taifa akiwa na mechi 124.