Je, wajua kwa nini makisio ya mahitaji ya umeme huzua ugomvi?

Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, linasema matumizi ya umeme duniani yalipanda kwa asilimia 4.3 mwaka 2024. Vituo vya data, yaani majengo yaliyojaa kompyuta za kuendesha huduma za mtandaoni, vilivyokula terawati-saa 415 mwaka huo, huenda vikafika 945 ifikapo 2030. Habari hiyo hiyo mmoja huifurahia, mwingine akashika kichwa. Kwa nini?

Sababu kubwa ni mikataba. Mtambo mkubwa huchukua miaka kujengwa, kwa hiyo serikali hukisia leo umeme utakaohitajika miaka kumi ijayo, kisha hutia saini na mwekezaji. Naye, ili benki imkopeshe, hudai ahakikishiwe malipo: mtambo ukiwa tayari kuzalisha unalipwa, umeme wake utumike usitumike. Ni kama pilau ya harusi. Umemwambia mpishi watu mia tano, wamekuja mia mbili. Yeye anadai pesa ya sufuria zote. Ila kwenye umeme, aliyehesabu wageni siye anayelipa. Anayelipa ni mwenye mita.

Wakenya wanalijua hili. Mwaka 2013 serikali yao ilitangaza mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Kwenye makisio ziliingizwa ndoto za Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa nchi hiyo: reli ya umeme, kiwanda cha chuma, mji wa teknolojia wa Konza. Treni ya SGR ilikuja kweli mwaka 2017, ikivutwa na dizeli. Mwaka uliofuata, kilele cha matumizi ya nchi nzima kilikuwa kama megawati 1,800 tu.

Katikati ya hesabu hizo ulikuwamo mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Watu wa Lamu hawakuanza na megawati, walianza na bahari. Maji ya moto kutoka mtamboni yatawafanya nini samaki na mikoko? Majivu yatamwagwa wapi? Na moshi je, kwa kuta za mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001? Baadaye ndipo likaja swali lililowauma hata wa Nairobi: umeme wote huo ni wa nani? Wachambuzi wa IEEFA, taasisi inayochunguza uchumi wa nishati, walikokotoa kwamba Kenya ingelipa kama dola milioni 360 kila mwaka, kwa miaka 25, hata kama mtambo usingezalisha chochote. Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta leseni kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wamarekani nao yamewakuta. Miaka ya 1970, mashirika ya umeme ya umma katika jimbo la Washington yaliambiwa umeme hautatosha, yakaanzisha vinu vitano vya nyuklia. Jiji la Seattle lilipiga hesabu zake lenyewe na mwaka 1976 likakataa kujiunga na viwili vya mwisho. Likanusurika. Mahitaji hayakukua vile, gharama zikapaa, viwili hivyo vikaachwa mwaka 1982, na mwaka uliofuata hatifungani za dola bilioni 2.25, yaani hati za mkopo wa kuvijenga, zikakosa mlipaji. Kati ya vitano, kilichokamilika ni kimoja.

Lakini kukisia kidogo nako kunauma. Muulize Mtanzania aliyepitia mgawo wa 2023. Karibu watu milioni 600 Afrika hawana umeme kabisa. Viongozi waliokutana Dar es Salaam Januari 2025 waliahidi kuwafikia milioni 300 kati yao ifikapo 2030. Anayewasha kibatari kila jioni huwezi kumwambia mahitaji yanakua upesi mno.

Sasa ni zamu ya vituo vya data. Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza kituo cha dola bilioni 1 cha kutumia jotoardhi ya Olkaria, Kenya: kwanza megawati 100, na nafasi ya kukua hadi 1,000. Hizo 1,000 ni zaidi ya theluthi moja ya kilele cha Kenya cha mwaka 2025. Kabla ya kushangilia au kulaani, mimi ningeomba kwanza kuona ukurasa wa mkataba unaosema nani atalipa kituo kikichelewa.