Je, wajua tunajuaje ndoa tatu za bibi aliyefariki mwaka 1360?

Elizabeth de Clare alizaliwa mwaka 1295. Baba yake alikuwa kabaila wa Gloucester. Mama yake, Joan, binti wa Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Alipofikisha miaka 26 alikuwa ameshafiwa na waume watatu. Nani alituwekea habari hizi?

Makarani wa ardhi. Akifa mtu aliyepewa ardhi na mfalme moja kwa moja, makarani walifika, wakawaapisha wanaume wa pale na kuwauliza: marehemu kaacha mashamba gani, kafa siku gani, mrithi wake ni nani, ana umri gani? Majibu yakaandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi. Mjane naye alidai theluthi yake ya mashamba ya mumewe, nayo ikaandikwa. Mama mkulima wa kijiji hichohicho, ambaye mimi ningependa sana kumjua, mara nyingi hana hata mstari.

Elizabeth aliolewa kwanza mwaka 1308 na John de Burgh wa Ayalandi, aliyefariki 1313. Mwaka uliofuata Gilbert, kaka yake Elizabeth, aliuawa vitani Bannockburn, Uskoti, bila kuacha mtoto, na utajiri wote wa ukoo ukaangukia dada zake watatu, Elizabeth akiwa mmoja wao. Hapo ndipo mjane huyu alipoanza kuwindwa. Mapema mwaka 1316 Theobald de Verdun alimchukua kutoka ngome ya Bristol akamwoa bila idhini ya mfalme. Alipohojiwa alidai bibi mwenyewe aliridhia. Theobald akafa Julai mwaka huohuo, na binti yao akazaliwa baba yake akiwa kaburini. Mwaka 1317 mjomba wa Elizabeth, Mfalme Edward wa Pili, akamshinikiza aolewe na kipenzi chake Roger Damory, ambaye naye alimwasi mfalme akafa 1322. Elizabeth aliishi miaka 38 zaidi na hakuolewa tena.

Anayefuatilia nasaba hii awe macho na majina. Bibi huyu aliendelea kuitwa Elizabeth de Burgh, kwa jina la mume wa kwanza. Wifi yake, dada wa John, pia alikuwa Elizabeth de Burgh, mke wa Robert Bruce wa Uskoti, aliyeongoza jeshi lililomuua Gilbert. Mjukuu wa bibi wetu naye ni Elizabeth de Burgh, aliyeolewa na Lionel, mwana wa Edward wa Tatu. Ukikosea mmoja tu, ukoo mzima unahamia nyumba nyingine. Ndiyo maana jina peke yake halitoshi. Tazama mwaka, shamba na ngao yenye alama za ukoo.

Ngao ya Elizabeth de Clare ipo mpaka leo kwenye nembo ya Chuo cha Clare, Cambridge, alichokifadhili. Ukiitazama, kulia kuna msalaba mwekundu wa de Burgh, kushoto mistari mitatu myekundu ya Clare, upande ambao kwa desturi huwa wa mume. Kuizunguka pande zote kuna ukingo mweusi uliotapakaa matone ya machozi ya dhahabu.